Giza la Kweli: Hedseti ya Kurukia Angani kwa Mtu Aliyekaa Kitini

Haya ni maneno niliyozungumza Malindi usiku mmoja, baada ya sala ya isha, mbele ya vijana, wazazi na wavuvi waliochanga pesa ya kununua hedseti moja ya chumba cha kompyuta cha mtaa. Nimeyaandika karibu sawa na yalivyotoka.

Asalaam aleikum, wazee wangu. Mama zangu, hamjambo. Na nyinyi vijana mliokaa mpaka kizingitini, sogeeni ndani, nafasi ipo.

Nimeitwa nijibu swali moja. Pesa mliyoichanga ikanunue miwani ipi ya uhalisia pepe, hedseti kama mnavyoiita, kwa michezo ya kurusha vyombo vya angani? Si michezo ya kurukaruka na kupiga ngumi hewani. Hapa mtu anakaa kitini, mkono wa kulia umeshika joistiki, wa kushoto umeshika wenzo wa kasi, na mbele yake pana anga tupu lisilo na mwisho. Swali ni zuri, na kabla sijalijibu nataka niwapeleke Ngomeni.

Mkishika njia ya kaskazini mpaka Ngomeni mkatazama baharini, ndani ya Ghuba ya Ungwana, mtaona majukwaa ya chuma yaliyosimama majini kwa miguu yake. Wengi wenu mmeyaona tangu utotoni, mkayazoea kama tulivyouzoea mnara wa Vasco da Gama. Yale ni majukwaa ya San Marco, kazi ya Waitaliano chini ya Profesa Luigi Broglio. Walipachagua kwetu kwa sababu tuko karibu na ikweta, mahali ambapo mzunguko wa dunia wenyewe unaisukuma roketi zaidi kuliko popote pengine. Tarehe 26 Aprili 1967 roketi ya Scout iliondoka pale na setilaiti ya San Marco 2. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba, ikaondoka nyingine na setilaiti ya Marekani, ya kwanza duniani kutengenezwa mahususi kwa kutazama miale ya eksirei inayotoka kwenye nyota. Wakaipa jina Uhuru. Neno letu likapanda juu kutoka maji yetu, na Riccardo Giacconi, mwanasayansi aliyeiongoza kazi ile, akaja kupewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2002. Roketi ya mwisho iliondoka hapo 1988.

Marehemu babangu alikuwa mvuvi wa upande ule. Alinihadithia moto wa roketi kwa maneno ambayo hayajanitoka: "Ulipanda kama mtu anayejua aendako."

Kwa hiyo, wazazi mnaouliza kwa nini mtoto wa Malindi ashughulike na kurusha vyombo vya angani, mie naona ni shughuli ya nyumbani. Hata neno rubani halikuanza na ndege. Lilikuwa la baharini, la mtu anayejua mikondo, miamba na nyota. Mwaka 1498 da Gama alipotaka kuvuka kwenda India, rubani alimpata hapa hapa.

Sasa turudi kwenye pesa yenu. Boksi la hedseti yoyote limeandikwa hesabu: pikseli ngapi, yaani nukta za picha; hezi ngapi, yaani picha ngapi kwa sekunde; gramu ngapi. Hesabu hizo zina maana na nitazitaja. Lakini kuna jambo moja ambalo wauzaji hulipa nafasi ndogo, nalo kwangu ndilo la mwanzo. Hedseti hii inaonyesha giza la namna gani?

Nyinyi mliowahi kulala chomboni usiku usio na mwezi, nje ya mwamba, mnajua ninalolisema. Giza lile ndilo linalozivuta nyota karibu, mpaka Kilimia ukakihesabu nyota moja moja. Washa karabai, na nusu ya nyota zinakukimbia. Nyota hazikwenda popote. Kilichoondoka ni giza.

Skrini za hedseti ni za namna mbili kubwa. Ya kwanza ni LCD. Nyuma yake kuna taa inayowaka muda wote, na mbele ya taa vidirisha vidogo sana vinavyofunguka na kufunga. Vifunge vyote, na bado mwanga utapenya, kama karabai iliyowekwa nyuma ya tanga. Ya pili ni OLED. Humo kila nukta ni taa yake yenyewe, na ikizimwa imezimwa, hakuna kinachopenya.

Ukicheza mchezo wa mjini mchana, hutaiona tofauti hii. Angani utaiona kila dakika, kwa sababu sehemu kubwa ya picha ni nyeusi. Kwenye LCD weusi huo unakuwa rangi ya jivu, na jivu hilo limekuzunguka pande zote kichwani, huna pa kulikwepa. Nilimvisha mjomba wangu hedseti ya LCD, nzuri, yenye picha safi. Ni mtu wa bahari miaka arobaini. Akageuza kichwa huku na huku, akanyamaza, kisha akaniuliza, "Mbona kumepambazuka?" Nikamvua, nikamvisha Oculus Rift ya zamani, ya 2016, picha yake chakavu ukilinganisha na ile ya kwanza, lakini ni ya OLED. Akakaa muda. Akasema, "Hapa sasa ni usiku."

Jambo linaloniuma ni kwamba giza tulikuwa nalo tangu mwanzo. Rift na HTC Vive, zote za 2016, zilikuwa OLED, pikseli 1080 kwa 1200 kwa kila jicho. Kisha watengenezaji wengi wakahamia LCD, kwa kuwa ilikuwa rahisi zaidi na maandishi yalisomeka vizuri zaidi. Rift S ya 2019 ikawa LCD. Valve Index ya mwaka huo huo, LCD. Quest 2 ya 2020, LCD, na Quest 3 ya 2023 vivyo hivyo. Sizilaumu, zimewafungulia watu wengi mlango. Ila mtu wa kuruka angani ndiye aliyelipa gharama ya badiliko lile. Waliolirudisha giza ni wachache: PlayStation VR2 ya Februari 2023, ambayo Sony waliitengenezea mashine yao ya michezo ya PlayStation 5, na Bigscreen Beyond ya mwaka huo huo.

Giza la OLED nalo lina deni lake, na ni haki yenu kulijua. Nukta iliyozimika kabisa huchelewa kidogo kuwaka, basi ukigeuza kichwa haraka, kitu chenye mwanga hafifu huacha nyuma yake mkia kama wino. Na mahali penye kijivujivu utaona madoadoa membamba, kama kitambaa ambacho hakikufumwa sawasawa. Mie huyazoea baada ya dakika chache. Yule jivu wa LCD sijamzoea mpaka leo. Kuna pia njia ya katikati: skrini za LCD za Pimax Crystal zimegawa taa ya nyuma mafungu mafungu, fungu lisilohitajika huzimwa. Weusi unakuwa mzuri kweli, lakini nyota ni nukta ndogo kuliko fungu la taa, kwa hiyo inapowaka peke yake huzungukwa na ukungu wa mwanga.

Baada ya giza, kusoma. Chumba cha rubani kwenye mchezo wa Elite Dangerous kimejaa maandishi ya rangi ya machungwa: mafuta, kasi, jina la nyota unayoiendea, umbali. Kwa Rift ya kwanza nilikuwa nikiinama mbele kama mzee anayesoma risiti. Kwa Quest 3, yenye pikseli 2064 kwa 2208 kila jicho, kama pikseli 25 kwa kila nyuzi moja ya upeo wa macho, unasoma ukiwa umeegemea. Jicho zima la mwanadamu linaweza kutofautisha kama 60, kwa hiyo safari bado ipo, lakini shida ya kusoma imekwisha. VR2 ina 2000 kwa 2040, na inasomeka vizuri ukiitazama katikati ya lenzi.

Pimax Crystal ina 2880 kwa 2880 kwa kila jicho. Pigeni hesabu: hiyo ni pikseli 8,294,400, sawasawa kabisa na televisheni nzima ya 4K, moja kwa jicho la kulia na nyingine kwa la kushoto. Uzuri wake sibishani nao. Ila kompyuta inatakiwa izichore televisheni mbili hizo mara 90 kwa sekunde, na kadi ya picha ya kazi hiyo bei yake ni sawa na injini ya boti. Pesa yenu haifiki huko, na hata ingefika, ningewashauri mwiweke kwenye kompyuta kabla ya hedseti.

Nimesema kuinama mbele, na hapo pana mtego. Zile miwani rahisi za kuchomeka simu ndani yake zinafuata kichwa kikigeuka tu, hazifuati kikisogea. Ukiinama kuitazama saa ya mafuta, chumba chote cha rubani kinainama nawe. Tumbo halikubali. Watu wengine husema, si umekaa tu, kusogea kwa nini? Lakini mtu aliyekaa husogea daima: anapumua, anachungulia dirishani, anajisukuma kitini. Hedseti zote nilizozitaja kwa majina zinafuata kusogea huko. Za kuchomeka simu msinunue hata mkipewa kwa bei ya maembe.

Na tumbo lenyewe tulizungumze kwa kirefu, maana hapa ndipo wengi wanapoacha, wakidhani ni wao wenye kasoro.

Kigegezi cha baharini mnakijua. Ukikaa chini tumboni mwa jahazi, sikio la ndani linaona mawimbi, macho yanaona ubao uliotulia. Mashahidi wawili wanapingana, na mwili unatapika. Ndiyo maana nahodha humwambia mgeni apande juu akatazame upeo. Kwenye hedseti ushahidi umegeuka: macho yanaona chombo kinapinduka, sikio linasema umekaa kitini. Ugomvi ni ule ule, na dawa yake inafanana. Michezo ya angani ina bahati kubwa hapa. Chumba cha rubani kimekuzunguka, nguzo za kioo, dashibodi, mikono yako mwenyewe, na vyote hivyo havisogei pamoja na nyota. Macho yanapata mahali pa kushika. Ndiyo sababu mtu anayeugua dakika tano akitembea kwa miguu katika mchezo mwingine anaweza kuruka saa nzima akiwa rubani.

Lakini hedseti na kompyuta zisaidie. Picha ikichelewa kufuata kichwa, hata kwa sehemu ndogo ya sekunde, tumbo linajua. Wahandisi wanataka kuchelewa huko kusizidi milisekunde 20. Kwa hezi 90 kompyuta ina milisekunde 11 tu za kuchora kila picha. Ikishindwa, picha inarudiwa au inakisiwa, na dunia inatetemeka. Kwa hiyo nasema tena na tena: punguzeni madoido ya mchezo, vivuli, mng'aro wa maji, chochote kile, mpaka 90 ipatikane bila kukatika. Picha nyepesi isiyotetemeka ni bora kuliko picha ya kifalme inayokwama. Mwanzoni mruke dakika kumi, mkihisi mate yamejaa mdomoni mvue papo hapo, msijikaze. Mtu akijikaza, mwili unajifunza kuichukia hedseti, na siku ya pili atachafukwa kabla hajaivaa. Feni usoni inasaidia sana. Msizungushe chombo ovyo kama tiara iliyokatika uzi. Mtazame kule mnakoelekea.

Lenzi. Nyingi, pamoja na za VR2, Index na Quest 2, ni za Fresnel, zile zilizokatwa duara ndani ya duara. Augustin Fresnel, Mfaransa, alizibuni kwa ajili ya minara ya taa, ili mwanga ufike mbali baharini na kioo kisiwe kizito mno. Zimeokoa mabaharia wasiohesabika. Ndani ya hedseti, mikato ile inatawanya mwanga: jua moja katikati ya weusi linatoa michirizi mpaka ukingoni mwa macho. Quest 3 na Beyond zina lenzi za namna nyingine, nyembamba, zinazoukunja mwanga ndani yake, na picha inakuwa safi kutoka pembe hadi pembe. Kwa hiyo angalieni mtihani wenyewe ulivyo: Quest 3 ina lenzi nzuri na giza baya, VR2 ina giza zuri na lenzi ya kizamani. Quest 3S ya 2024 ni rahisi kuliko zote, lakini imechukua upande mbaya wa kila kitu kwa kazi hii yetu: LCD, Fresnel, na pikseli zile zile za Quest 2. Kwa masomo darasani ni nzuri. Kwa anga, hapana.

Sasa waya. Vijana mnaupenda uhuru wa kutokuwa na waya, na Quest ina kompyuta yake ndani, unaivaa na kucheza. Ila michezo mikubwa ya angani inahitaji kompyuta ya nje. Quest ikiunganishwa na kompyuta, kwa USB au kwa Wi-Fi, haipokei picha yenyewe. Inapokea video iliyobanwa, kama ile ya kutumiana kwa simu, kisha inaifungua. Picha yenye rangi nyingi hubanwa bila kuonekana. Giza likibanwa linaonekana. Wingu la nyota ambalo lilipaswa kufifia taratibu linakuwa ngazi ngazi, mabaka ya weusi juu ya weusi. Index, Pimax, Beyond, na VR2 ikiwa na adapta yake, hupokea picha moja kwa moja kwa waya kutoka kwenye kadi ya picha ya kompyuta. Na mtu aliyekaa kitini, waya unamzuia nini? Haendi popote. Pitisheni nyuma ya kiti, mfunge kwa kitambaa, basi. Tena waya unaleta umeme, wakati betri ya Quest 3 ni ya saa mbili na kidogo.

Kuna funzo la HP Reverb G2 nisingependa liwapite, kwa sababu bado mtaiona ikiuzwa kwa mkono wa pili kwa bei ya kuvutia. Ilitoka 2020, pikseli 2160 kwa 2160, na marubani wa kukaa kitini waliipenda kwa kusomeka kwake. Iliishi ndani ya mfumo wa Microsoft wa Windows Mixed Reality, na mwaka 2024 mfumo huo uliondolewa kwenye toleo la 24H2 la Windows 11. Skrini haijaharibika, lenzi ni zile zile, Windows yenyewe tu haiitambui tena. Mkiiona, iacheni.

Uzito na joto nitavisema pamoja, maana Malindi ni kitu kimoja. Beyond ina gramu 127. Quest 3 ina 515, VR2 ina 560, Index ina 809. Gramu 809 Ulaya kwenye baridi ni jambo moja. Hapa mwezi wa tatu, upepo umekata, feni inazungusha hewa ya moto, ni jambo jingine. Jasho linashuka kwenye nyusi, sponji inalinywa, lenzi zinafunga ukungu. VR2 inakaa juu ya paji la uso kwa ukanda kama wa kofia, shavu linapumua. Quest kwa mkanda wake wa asili inakubana uso mzima. Na kwa aliyekaa, tazameni kiti: hedseti yenye kifundo cha kukazia au betri nyuma ya kichwa inagonga kiti chenye mgongo mrefu, kila ukiegemea inasogea machoni. Chagueni kiti kinachoishia mabegani. Kisizunguke. Sauti sitaikalia sana: spika za Index zinaning'inia bila kugusa sikio na kwa joto letu hazina mfano, VR2 mtatumia vipokea sauti vya kuchomeka.

Halafu pwani yenyewe. Ukungu wa chumvi unakula matundu ya waya, kwa hiyo hedseti ikae ndani ya boksi lenye mfuniko pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Lenzi zifutwe kwa kitambaa laini kikavu, msitie spiriti. Sponji ivikwe kifuniko cha ngozi ya plastiki kinachofutika baada ya kila mtu. Na jua. Wana wangu, hili nalisema kwa uchungu. Hedseti yangu ya kwanza niliiacha kwenye dirisha la baraza, lenzi zikitazama juu, nikaenda kula. Niliporudi jua lilikuwa limepita ndani ya lenzi, likakusanyika kama mnavyowasha karatasi kwa kioo, likaichoma skrini. Doa la njano lilibaki katikati ya jicho la kushoto, na kila nyota niliyoiendea ilipita nyuma ya doa lile. Haikutengenezeka. Dakika chache tu zinatosha. Hedseti isipokuwa kichwani iko ndani ya boksi, hakuna mahali pa tatu.

Stima ikipotea katikati ya mchezo mtu abaki ametulia, avue polepole. Mkipata kifaa cha kuhifadhi umeme kwa ajili ya kompyuta, diski zenu zitashukuru.

Mnataka jina. Mkiwa na kompyuta yenye kadi ya picha ya RTX 3060 au zaidi, kiwango ambacho Sony wenyewe wanakishauri, nunueni PlayStation VR2 na adapta yake ya kompyuta iliyotoka Agosti 2024, pamoja na waya wa DisplayPort 1.4, ambao unauzwa peke yake. Kwenye kompyuta itapoteza baadhi ya mambo: haitafuata mboni za macho, haitatetema kichwani, na mwanga wake mkali wa HDR hautakuwepo. Hakuna hata moja kati ya hayo linalogusa giza. Ina gurudumu la kusogeza lenzi kwa upana wa macho ya kila mtu, na hilo ni lazima kwa kifaa cha watu wengi. Fundisheni kila mgeni kulizungusha kabla ya kuanza, na kuishusha au kuipandisha hedseti mpaka maandishi yasimame, kwa sababu lenzi zile zina shabaha ndogo. Mtu akiivaa vibaya ataona ukungu na kwenda kusema mmenunua kitu kibaya.

Beyond ningeinunua kwa ajili yangu nikiwa na uwezo. Toleo la kwanza linatengenezwa kwa sura ya uso wa mtu mmoja, kwa hiyo la mtaa haliwezi kuwa. La pili, la 2025, lenzi zake zinasogea, lakini bado linahitaji vifaa vya ukutani vya kumulika leza na linauzwa zaidi ya mara mbili ya VR2. Na kama kamati imeamua kwamba hedseti hiyo hiyo ifundishe pia watoto wa asubuhi bila kompyuta, basi Quest 3, na mjue kwamba usiku wake utakuwa wa mbalamwezi daima.

Kuna bibi mmoja hapa mbele ameniuliza kabla hatujaanza kama nyota za humo ndani ni za kweli au zimenyunyizwa tu kama mchele. Mama yangu, katika Elite Dangerous, uliotoka Desemba 2014, wamejenga galaksi yetu yote, mifumo ya nyota bilioni 400. Zilizo nyingi zimekisiwa na kompyuta kwa kanuni za fizikia, lakini maelfu mengi ya zile zilizokwisha kupimwa na wanaastronomia yametiwa kutoka kwenye orodha zao. Kilimia kimo. Kile kile ambacho wazee walisema kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kutoka hapa tunakiona kama kishada kimoja. Ni karibu miaka 440 ya safari ya mwanga. Ukikiendea kwa chombo, kishada kinafunguka: nyota moja inapita kushoto kwako, nyingine bado iko mbali mbele, katikati yake pana weusi ambao hukujua kama upo. Mie nilipofika mara ya kwanza niliuachia wenzo wa kasi nikakaa tu, nikamkumbuka babangu aliyekitazama miaka yake yote kutoka upande mmoja.

Sitaki mniamini kwa maneno. Nimeweka hedseti mbili mezani, ya LCD na ya OLED, zote ziko mahali pamoja, mbele ya Kilimia, chombo kimesimama. Kila mtu avae zote mbili, dakika tatu tatu, kisha mpige kura ya pesa yenu. Wenye miwani ya macho msivue, mvute tu hedseti mbele kidogo kwanza. Mabuibui na kofia tutayapanga, haraka haipo.

Kijana wa kwenye swichi, zima taa za mbele. Ile ya nyuma iache iwake. Hedseti zote mbili zinajua kichwa kiko wapi kwa kamera zake, na kamera katika giza hazioni kuta. Mjomba, kwa idhini ya waliotangulia, tuanze na wewe. Kaa. Egemea. Umeshika?